XP kwa saa ni hesabu ya wenye umeme

Mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, huko Masese alisimama dirishani pa kibanda changu cha mobile money akaiona simu yangu. Kwenye skrini kulikuwa na kijana amesimama kando ya maji, anavua. "Mwanangu, huyo samaki unayemvua analiwa?" Nikamwambia haliwi, mama, ni gemu. Akanitazama kama unavyoweza kumtazama mtu wa Jinja, Uganda, mwenye ziwa mgongoni na Nile mbele yake, anayevua ndani ya simu. Nikamtolea pesa zake, tukasalimiana mara ya pili, na niliporudi kwenye skrini yule mvuvi wangu alikuwa amesimama tu, mkoba umejaa nafasi zote 28, dakika nne zimepita bila hata XP moja, yaani pointi ya uzoefu.

Dakika nne hizo ndizo zinazoharibu mipango yetu, na hakuna jedwali la mwongozo wa gemu linalozihesabu.

Gemu lenyewe ni Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Lilifunguliwa 2013 na likaja kwenye simu Oktoba 2018, na hapo ndipo sisi tusio na kompyuta tulipoingia. Ni gemu la kusota. Uvuvi, upishi, uchimbaji, ukataji miti, kila ujuzi una levo 99. Kutoka levo 1 kwenda 2 unahitaji pointi za uzoefu 83, unazipata kabla chai haijapoa. Kufika 99 unahitaji 13,034,431. Kila levo inadai kama asilimia kumi zaidi ya iliyotangulia, kwa hiyo kila baada ya levo saba hivi hesabu inakuwa maradufu. Ndiyo maana wachezaji husema 92 ni nusu ya 99, na mgeni hudhani anataniwa. Hataniwi. Levo 92 ni XP 6,517,253. Umepanda ngazi tisini na moja, zimebaki saba, na uko katikati ya safari.

Sasa tazama watu wanavyopanga. Mtu anafungua mwongozo, anaona njia fulani inatoa XP 40,000 kwa saa, anagawanya. Kutoka 92 hadi 99 ni XP 6,517,178, gawanya kwa 40,000, unapata saa 163. Akicheza saa tano kwa wiki, ni wiki 33 hivi. Anaandika tarehe ya kumaliza, anawatangazia rafiki zake, na miezi miwili baadaye ameliacha gemu kwa hasira akisema linaonea watu.

Gemu halimwonei. Ile saa ya kwenye mwongozo ni saa ya mtu aliyekaa kwenye kiti, mbele ya skrini kubwa, intaneti haikatiki, hakuna anayemgongea dirisha akitaka kuweka elfu kumi. Saa yangu ina wateja. Ina simu ya shangazi. Ina umeme unaoondoka saa moja na nusu jioni, muda ule ule ambao betri yangu imebaki asilimia kumi na moja. Na ina bando, ambayo tangu Julai 2021 tunailipia ushuru wa asilimia 12, baada ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya 2018 kuondolewa. Kwa hiyo nikifungua data naifungua kwa sababu, na nikiifunga gemu linafungwa nayo.

Nilichofanya ni kitu cha kishamba kabisa. Nina kaunta buku la kibanda, upande wa mbele naandika waliotoa na walioweka pesa. Upande wa nyuma nikaanza kuandika XP zangu: kabla ya kukaa kucheza, na baada ya kumaliza, pamoja na dakika za saa ya ukutani. Wiki mbili. Sikuondoa kitu, hata ile jioni niliyosinzia. Jumla ikaja XP 25,000 kwa saa. Si 40,000.

Tofauti hiyo ukiitazama haraka ni ndogo. Irudishe kwenye hesabu ya kutoka 92 hadi 99: saa 163 zinakuwa 261, na kwa saa tano za wiki ni wiki 52. Mwaka mzima, kwa levo saba. Mwisho wa mwaka huo unaruhusiwa kununua joho la ujuzi kwa sarafu 99,000 za gemu, ulivae, upungiwe mkono na watu usiowajua. Kuna wanaolitaka, na siwacheki. Mimi nimeshasema nitasimama 92, na tangu niliposema hivyo nimecheza kwa raha zaidi.

Kuna rafiki yangu pale Walukuba haniungi mkono. Yeye anasema ukianza kuandika mchezo kwenye daftari umeugeuza kibarua, na kibarua tunacho tayari. Namwelewa. Lakini nimemwona yeye mwenyewe akibadilisha ujuzi mara nne kwa mwezi, leo anachimba, kesho anapika, kila mara akikimbia pale levo zinapoanza kuwa nzito. Asiye na hesabu haendi huru, anaendeshwa na ugumu tu.

Huyo huyo, cha kuchekesha, anacheza gemu ambalo halihitaji daftari. EVE Online, gemu la meli za anga za juu la Waiceland, lipo tangu 2003. Kule ujuzi haujifunzwi kwa mkono. Unaupanga kwenye foleni na saa yenyewe ndiyo inayosoma, uwe umeingia au umelala. Ujuzi mwepesi kabisa una levo tano: ya kwanza ni pointi 250, ya nne jumla inafika 45,255, ya tano 256,000. Kwa mwendo wa kawaida wa anayelipia, pointi 30 kwa dakika, levo ya kwanza inaisha kwa dakika nane na kidogo. Kutoka ya nne kwenda ya tano ni siku nne na saa 21.

Hizo siku nne na saa 21 nazikumbuka kwa sababu ya Januari 2021. Jioni ya tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Mimi nilikaa siku zote hizo nikitazama nembo ya gemu isiyofunguka. Yeye alikuwa ameweka levo ya tano ya ujuzi fulani jioni ile ile, kwa bahati tu. Intaneti iliporudi alikuta imemalizika. Alinicheka wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo kwa nchi yenye umeme na mtandao kama wetu, gemu linalosoma lenyewe ni la haki zaidi? Kwa upande mmoja ndiyo, nalikubali hilo bila kinyongo. Lakini nalo lina mtego ule ule wa 92. Ujuzi mwingi kule hutoa faida sawa kwa kila levo, tuseme asilimia 5. Ukifika ya nne umepata nne ya tano za faida kwa chini ya moja ya tano ya muda. Anayesukuma kila kitu hadi ya tano kwa sababu tu namba tano inapendeza, ametupa miezi. Rafiki yangu ana tano nyingi sana na meli moja ndogo.

Watengenezaji wa gemu la World of Warcraft walipita katikati. Ukitoka ukamwacha mhusika wako akilala kwenye nyumba ya wageni, anajikusanyia pumziko, na ukirudi kila adui unayemuua anakupa XP maradufu mpaka pumziko liishe. Kwa mtu anayefunga kibanda saa tatu usiku huo ni ubinadamu. Ningependa gemu zaidi zikumbuke kwamba wachezaji hulala.

Jambo la mwisho la hesabu, kwa sababu liliniuma mfukoni. Kwenye gemu langu unaweza kutumia dhahabu ya ndani kununua hati ya uanachama wa siku 14, unaofungua sehemu za gemu zinazolipiwa. Siku hizo haziangalii kama umeingia. Mara ya kwanza niliiwasha tarehe 27. Mwisho wa mwezi! Mishahara imeingia, foleni dirishani kwangu kama ya daladala la sikukuu, na katika siku sita za kwanza nilicheza dakika hamsini. Sasa naiwasha kuanzia tarehe 8, watu wakiwa wameishiwa, na siku zote 14 ninaziona.

Uvuvi wangu leo uko levo 84, XP 2,951,373. Mpaka 92 zimebaki 3,565,880. Kwa mwendo wa nyuma ya kaunta buku ni saa 143, wiki 29. Nimeandika 32, tatu za ziada ni za umeme. Yule mama wa mukene alipita jana akauliza kama nimemaliza kuvua. Nikamwambia bado wiki thelathini na mbili. Akasema hata kuchimba bwawa la samaki si muda huo, akahesabu pesa zake mara mbili, akaenda.