Filecoin haijafa, ila mteja wake bado anakaa bure

Filecoin ni mtandao unaowalipa watu sarafu yake, FIL, ili watunze data za wengine kwenye diski zao. Aliyenunua FIL moja Aprili 2021, siku ilipopaa kuliko zote, alitoa zaidi ya dola 230. Mwaka 2025 umeisha na sarafu ileile haifikishi dola 5. Ndiyo maana ukiitaja Filecoin mbele ya watu wa kripto, jibu huwa fupi: imekufa. Naona wanaizika mapema, kwa kuwa wanaangalia bei bila kuuliza kilichoishusha.

Chukua hesabu moja tu. Sarafu zake zote hazitazidi bilioni 2. Asilimia 15 ilitengewa Protocol Labs, kampuni iliyoibuni, na asilimia 5 taasisi ya Filecoin. Fungu hilo la sarafu milioni 400 lilipangwa kudondoka kidogokidogo kwa miaka 6 tangu mtandao uwashwe Oktoba 2020. Gawanya kwa siku: ni kama sarafu 182,000, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Si zote zinazouzwa, lakini zote zinaweza kuuzwa. Ongeza zawadi za watunza data, ambao wana bili za umeme na lazima wauze, kisha ongeza za waliochangia mtaji mwaka 2017, kabla mtandao haujawashwa. Niambie ni sarafu gani ingepanda huku mvua hiyo ikinyesha kila siku. Na bomba hilo la milioni 400 linafungwa Oktoba 2026, jambo ambalo wazikaji hawalitaji.

Wanalotaja ni ujazo, yaani nafasi ya kutunzia data. Mwaka 2022 mtandao ulikuwa na zaidi ya eksabaiti 16 (moja ni terabaiti milioni), na tangu hapo umepoteza zaidi ya nusu. Inaonekana kama watu wanakimbia, na kweli wamekimbia, ila tazama walivyokuwa wamebeba. Mfumo ulimruhusu mtu kujaza diski kwa data isiyo na maana, akathibitisha kuwa nafasi ipo, akalipwa. Ghala la magunia ya mchanga! Miaka ya mwanzo, nafasi yenye mikataba ya wateja haikufika hata asilimia 5. Mwaka 2025 ilifika kama thuluthi.

Waliobaki hawafanyi mchezo. Siku yao imekatwa vipande 48 vya nusu saa, na kila shehena ya data ina zamu yake ambapo mashine lazima itoe ushahidi kuwa bado inayo. Ukikosa zamu, na kosa likaendelea, dhamana ya FIL uliyoweka inaanza kukatwa. Hakuna wa kumpigia simu umwombe akuvumilie hadi umeme urudi. Internet Archive, maktaba kubwa ya kumbukumbu za mtandaoni, imeweka sehemu ya hazina yake humo.

Hata hivyo wenye shaka wana swali moja ambalo sijapata jibu lake: nani analipa? Data ya mteja aliyeidhinishwa humpa mtunzaji uzito mara 10 katika kugawiwa zawadi. Basi anaipokea bure, na kuna wakati yeye ndiye anayemfukuzia mteja. Kwa hiyo ile thuluthi niliyoisifu imenunuliwa, kwa sehemu kubwa, na sarafu mpya zinazochapwa. Amazon inatoza kama dola 23 kwa terabaiti kwa mwezi, na watu wanalipa, kwa sababu faili ukiliita linakuja hapohapo. Data iliyofungwa kwa mtindo wa asili wa Filecoin, yaani iliyogeuzwa umbo ili kuthibitisha kuwa nakala ipo, inaweza kuchukua saa kadhaa kufunguliwa. Inafaa kwa nyaraka za kale, haifai kwa duka la mtandaoni. Mwaka 2025 mtandao uliingiza uthibitisho mwingine wa kuwa data ipo, PDP, ambao hauhitaji kulifunga faili. Dawa ni sahihi, ila imekuja karibu miaka 5 baada ya mtandao kufunguliwa.

Kwa hiyo bei siiangalii sana, wala eksabaiti. Naangalia ada inayotoka mfukoni mwa mteja. FIL chache nilizonazo zinakaa; za kuongeza, hadi nione ada hizo zinatosha kumlipia mtunzaji umeme wake.