Majengo Inastahili Siku Yake

Ukimuuliza mtu wa Nairobi historia ya kwao, atakupeleka ushago. Atakutajia mto, mlima, na babu wa babu aliyekuwa wa kwanza kufyeka msitu pale. Atakueleza hayo hata kama amezaliwa Pumwani na kusomea Pumwani, na huko ushago hafiki ila Krismasi au kukiwa na mazishi. Nairobi kwake ni mahali pa kutafuta riziki. Historia ameiacha nyumbani kwa wazee.

Sina ugomvi na ushago. Loiyangalani ni kijiji kidogo kando ya Ziwa Turkana, mbali na Nairobi kwa zaidi ya kilomita 500 za barabara ngumu, na tangu 2008 wana tamasha lao linalokutanisha jamii 14: Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Waturkana na wengine. Kuna wanaolalamika kwamba siku hizi ni la watalii na kamera zao, na huenda wana haki. Hata hivyo wanayo siku ambayo mtoto humwona nyanya yake akicheza na kueleza anachokicheza. Majengo, mtaa wa zamani wa Pumwani, iko mwendo wa miguu tu kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ina karne nzima ya kusimulia, na haina siku kama hiyo.

Kabla ya Pumwani, Waafrika wa Nairobi waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa, Pangani. Serikali ya mkoloni iliviona kuwa vichafu na vigumu kutawala, ikavibomoa kimoja baada ya kingine. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu walihamishiwa Pumwani, wakapewa viwanja vya kukodi na kuambiwa wajenge. Pangani ilikuwa ya mwisho kuanguka, mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakapelekwa Shauri Moyo.

Sasa tufike mahali ambapo wapanga sherehe wengi wangepapita haraka. Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Wengi walitoka vijiji vya Kikuyu, wengine wakiwa wamekimbia ndoa au njaa. Wakafika mjini, baadhi yao wakasilimu, wakaitwa majina mapya, wakajenga nyumba za udongo zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kupangisha. Fedha za kujengea walizipata kwa kuuza chakula, kwa kupika pombe, na wengine kwa kulala na wanaume waliofika mjini kufanya kazi bila wake zao. Ndiyo, nimesema. Anayetaka historia ya Majengo bila wanawake hao anataka historia ya mahali pengine. Wakati ambapo mwanamke wa kijijini alipata shamba la kulima kupitia kwa mume au mwana, hawa walikuwa na nyumba zao, wapangaji wao na wa kuwarithi waliowachagua wenyewe.

Wala hawakukaa mbali na siasa. Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi tunachokiita Central leo. Wanaume walikuwa karibu kutawanyika tarehe 16 pale mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akainua nguo yake na kuwaambia wavue suruali wampe. Risasi zilipopigwa alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine husema walikuwa wengi zaidi. Thuku ana barabara yenye jina lake pale pale. Nyanjiru anatajwa Mashujaa Dei, ikiwa aliyeandika hotuba amemkumbuka.

Kuna watakaosema haya ni starehe ya watu wenye nafasi, kwamba Majengo inahitaji maji na ajira kwanza. Waangalie Kibera. Mwaka 2017 Wanubi wa huko walipewa hati ya ardhi ya ekari 288, zaidi ya miaka 100 baada ya babu zao, askari wa jeshi la mkoloni waliotoka Sudan, kuanza kukaa pale. Hawakufika hapo kwa kunyamaza. Walifika kwa sababu kila kizazi kilijua nani alikaa wapi, na kaburi la nani liko upande gani. Mitaa ya zamani ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi iliko Majengo, inabomolewa kupisha maghorofa, na siku tingatinga litakapowasili, mtu asiyeweza kusema nyumba hii ilijengwa na nani atahesabiwa kuwa mpangaji tu.

Kwa hiyo siku ifanywe, lakini isifanywe kwa desturi yetu. Mnaijua: hema la wageni mashuhuri lina viti vyenye vitambaa, wazee wenye mtaa wameketi juani, mheshimiwa anachelewa saa tatu, kisha anahutubu kuhusu uchaguzi ujao huku vijana wakisubiri fulana. Mheshimiwa aje akipenda, aketi popote na asishike kipaza sauti. Waanze kusema bibi waliorithi nyumba kutoka kwa bibi waliowatangulia, wakiwa vibarazani mwao, na watu watembee kutoka nyumba hadi nyumba. Msikiti una maulidi yake na watu wake wanajua kuyaendesha. Akina mama wa vyama vyao wanajua kupika biriani ya watu mia tatu bila mzabuni. Wanafunzi waje na simu zao wawarekodi wazee, na rekodi zibaki mtaani kabla hazijakwenda chuo kikuu chochote.

Wazee wakipingana, waachwe wapingane. Mmoja atasema nyumba ile ilikuwa ya fulani, mwingine atasema hapana, fulani alikuwa mpangaji wake. Nisingelipa nauli kwenda kusikia hotuba, lakini ubishi huo ningeufuata hata kwa miguu.

Tarehe ninayopendekeza ni 16 Machi. Najua Nyanjiru hakufia Majengo, na najua wapo watakaotaka siku iangukie maulidi, au Desemba watu wakiwa likizo. Desemba hapana: nusu ya mtaa itakuwa imepanda matatu kwenda ushago.