Sikuruka Geti

Sikuruka geti. Naomba tuanzie hapo. Tangu juzi kuna sauti ya dakika 3 inazunguka kwenye magrupu, ya shoga yangu mmoja (anajijua), anasema eti nilitoroka leba nikaruka geti la hospitali kama mwizi wa kuku. Tumbo la miezi 9 linaruka geti gani, jamani? Geti lilikuwa wazi. Nilipita kwa miguu yangu na mlinzi nikamsalimia.

Mengine yote aliyosema ni kweli.

Leo nina siku 5 tangu nijifungue. Nina nyuzi, nakaa upande upande, naandika kwa kidole gumba kimoja. Mkiona herufi zimerukaruka mjue bwana mkubwa ananyonya.

Mnakumbuka nilivyojitapa humu. Miezi 3 nzima nawawekea video za kuvuta pumzi: vuta kwa pua, toa kwa mdomo, waza bahari. Nikaandika na maneno kabisa kwamba wanaopiga kelele leba ni wale ambao hawakujiandaa. Ile posti nimeifuta. Najua mliwahi kuipiga picha, Mungu anawaona.

Basi saa 2 usiku nikapokelewa, nikapimwa. "Njia imefunguka sentimita 4," nesi akasema, "bado sana, uzazi wa kwanza hauna haraka." Wanapima kila baada ya saa 4, na wanachotaka wao ni 10. Saa 6 usiku akarudi: 5. Yaani mateso yote yale, sentimita moja! Nikamuuliza kama rula yake haijachakaa. Akaninyooshea vidole viwili vyenye glovu, akasema rula ndiyo hii.

Bahari niliiwaza uchungu wa kwanza. Uchungu wa pili nikaanza kuzama. Kufika wa kumi nilikuwa namtaja baba mtoto kwa majina yake yote matatu, na la tatu ni la babu yake marehemu, ambaye hakunikosea kitu. Saa 10 alfajiri: 7. Nesi akanipigapiga mgongoni, akaniambia, "Mama, usilale hivyo. Tembeatembea, mtoto ashuke."

Mshike hayo maneno. Niliambiwa nitembee. Sikuambiwa niishie wapi.

Nikatembea. Kitandani mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni. Kwenye saa 12 hivi nesi akawa na mwenzangu wa kitanda cha tatu ambaye anasukuma, na mimi nimeegemea mlango, akili ikanijia, safi kabisa, kama mtu aliyelala akaamka. Nikajiambia: hili jambo nimeghairi. Sijashindwa, hapana, nimeghairi tu, kama mtu anavyoghairi kwenda harusini. Niende nyumbani nikapumzike, nitarudi wiki ijayo nikiwa na nguvu. Nawaapia, wakati ule ilileta maana.

Begi la mtoto nililiacha, khanga zote na pamba na mpira wake. Nikachukua beseni. Beseni jipya, la bluu, nimelinunua elfu nne, nikaona siwezi kuliachia watu. Ndala nilizovaa zote mbili ni za kushoto.

Mlinzi akaniuliza, "Vipi mama, umesharuhusiwa?" Nikamwambia, "Nimejiruhusu." Akacheka. Alidhani natania.

Nje ndiyo muda ule watu wanaleta uji na chai kwa wagonjwa, geti limejaa vyupa na hotipoti. Nikapita katikati yao, nimejitanda khanga iliyoandikwa NILIJUA MTASEMA. Sikuichagua makusudi, ndiyo iliyokuwa juu. Nikaenda kwa kijana wa bajaji wa mwanzo.

"Mbagala shilingi ngapi?"

"Elfu nane, dada."

"Elfu nane umebeba maiti? Elfu nne."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo shoga alipopunguza. Nimeshaingia nusu, beseni nimeliweka kwenye kiti, uchungu ukanishika. Ulianzia kiunoni, ukazunguka mbele, ukabana. Nikakamata kile chuma cha pembeni cha bajaji kwa mikono miwili, nikamkazia yule kijana macho, meno nimeyauma, siongei. Kijana akaniangalia. Akameza mate.

"Basi dada, lete elfu saba."

Nikatoa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Kama ng'ombe, ila ng'ombe ana aibu.

"Sita! Dada, sita, mafuta yamepanda!"

Chuma kikaanza kutikisika, na bajaji nayo ikatikisika.

"Haya elfu nne, panda! Usinivunjie tu bajaji!"

Wanaonijua mnajua sijawahi kushinda bei maishani mwangu. Hata nyanya napigwa. Siku hiyo nimeshusha elfu nne nzima bila neno, nikakaa kwa furaha, na hapo hapo, pwaaa, chupa ya uzazi ikapasuka. Kiti chote. Maji yakateremka, yakapita chini ya miguu ya kijana, yakatokea upande wa pili. Beseni liko pembeni yangu, kavu, halijapata hata tone.

Kijana akasema taratibu sana, "Dada... umenikojolea?"

Nikainua macho nimjibu. Mbele yangu amesimama mama mkwe, mkononi chupa ya uji wa pilipili manga, nyuma yake shoga yangu na hotipoti. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe akanitazama mimi, akatazama maji, akalitazama beseni.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama," nikamwambia. Halafu adabu ikanirudia. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. Naye angefanyaje?

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Bajaji ikageuzwa, mlinzi akakimbia mbele anapiga filimbi, nikarudishwa mpaka mlango wa wodi ya wazazi. Nesi hata hakushangaa. Akamwambia mwenzake, "Hawa wa kwanza wakishaanza kudai kwao, wewe andaa glovu." Akapima: 10. Saa 1 kasoro mtoto huyo, wa kiume, kilo 3.4, analia kwa sauti ileile ya bajaji.

Kijana alidai elfu 14: elfu 4 nauli tuliyopatana, elfu 10 ya kuosha kiti. Nauli ya kutoka getini mpaka mlangoni, hata mita mia hazifiki! Baba mtoto, ambaye hubishana mpaka fungu la dagaa, akalipa kimya kimya. Sasa wameshakuwa marafiki, wanapigiana simu. Asubuhi ya leo kijana kauliza, "Mjomba wangu anaendeleaje?"

Nikamwambia baba mtoto amuulize na beseni langu. Anasema lipo, haliuzi. Ndilo analooshea bajaji.