Mji Mkongwe kwa miguu, utembezwe au ujipotezee mwenyewe?

Kijiweni kwetu hapa Miyomboni, Iringa, tumebishana wiki nzima, jamaa yetu mmoja anaenda Zanzibar mara ya kwanza na anauliza Mji Mkongwe azunguke mwenyewe au alipe mtu amtembeze. Wengi wakamwambia hela ya nini wakati ramani ipo kwenye simu. Mi nimeenda kwa njia zote mbili.

Kwenda mwenyewe kuna raha yake, sibishi. Sisi Iringa tumezoea ukipotea unatafuta lile jiwe la Gangilonga mlimani liko wapi unajua kwenu upande gani, kule ni ukuta huku ukuta huku, mbingu unaiona kama utepe, na ramani ya simu inachanganyikiwa mpaka inakuonesha uko ndani ya nyumba ya mtu. Lakini huko kupotea ndo kuzuri maana unaibukia barazani kwenye kahawa, unakodolea mlango wa nakshi dakika kumi na hakuna anayekuharakisha. Mji wenyewe mdogo, ukishindwa kabisa tembea tu utatokea Forodhani au sokoni Darajani.

Ila macho peke yake hayatoshi. Safari ya kwanza nilipita Mkunazini nikaona kanisa zuri nikapiga selfi nikaondoka, safari ya pili ndo naambiwa pale palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, kanisa likajengwa hapo hapo. Ile selfi nimeifuta. Ni kama mgeni aje makumbusho yetu ya Kalenga asipate wa kumsimulia, ataona fuvu kwenye kioo ageuze, hajui ni la chifu wetu Mkwawa aliyejipiga risasi 1898 wala kwamba fuvu lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954 (na hata hilo letu lina wabishi wake, tuache).

Sasa tatizo la watembezaji ni chumvi, hasa wale mapapasi wanaokudaka ukishuka tu kwenye boti. Mmoja alinionesha mlango wenye misumari mikubwa ya shaba akasema ni kuzuia tembo wasibomoe. Tembo, Unguja! Ule ni mtindo uliotoka India, huko tembo wa vita walikuwepo kweli, Unguja ikabaki pambo. Jambo zito zaidi ni vile vyumba vya chini pale Mkunazini, unaambiwa watumwa walifungiwa humo, wakati wapo wanahistoria wanaosema jengo la juu yake walilijenga wamisheni baada ya soko kufungwa. Mateso yalikuwepo na soko lilikuwepo, hakuna anayekataa, ila kama soko ni la kweli kuna haja gani ya kuongezea? Mtembezaji mzuri atakwambia kabisa hapa watu wanabishana. Wa hivyo wapo, nilimpata mzee mmoja mwenyeji, Beit el Ajaib, lile jumba la sultani la 1883, alinisimulia kama nyumba ya babu yake, alipofika pale sehemu ilipoporomoka Desemba 2020 akanyamaza kidogo.

Kwahiyo kwangu mimi siku ya kwanza potea, andika kila kinachokushangaza, siku ya pili ndo utafute mwenyeji mwenye kitambulisho umuulize hayo hayo, na mkiwa watatu mnachanga haiumi.

Jamaa kanisikiliza mpaka mwisho afu kasema ataenda mwenyewe, Mhehe hapotei. Haya, saa mbili usiku ukiwa unazunguka nyumba ile ile mtaa wa Shangani mara ya nne usinipigie.