Kule wapi?

Jumamosi iliyopita, uwanjani kwa gofu, kwenye tii ya shimo la nne, yaani pale pa kuanzia kupiga, jamaa niliyepangwa kucheza naye aliupiga mpira ukaishia mitini, kulia kabisa. Hayo hutokea. Kilichonipandisha hasira ni kilichofuata. Alimgeukia kedi wake, yaani mbeba fimbo wake, mzee ambaye amebeba mabegi tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akamfokea mbele yetu sote: "Umenipa mstari mbaya!" Mzee akasema, "Pole, mkubwa," akaingia vichakani kuutafuta.

Mkubwa mwenyewe ana begi ambalo ukiliuza utanunua Probox na kubakiza pesa ya mafuta. Ila sheria za gofu hajazisoma. Tangu Januari 2019 kedi haruhusiwi kusimama nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa kupigia pindi mchezaji anapoanza kuweka miguu. Hata kulaza fimbo chini ikuonyeshe njia ni mikwaju miwili ya adhabu. Kwa hiyo miguu ile, ndugu yangu, uliipanga wewe mwenyewe.

Najua kwa sababu mzee huyo huyo ndiye aliyenifumbua macho mimi. Miezi sita nzima mipira yangu ilikuwa ikienda kulia, na siku nikikasirika inakatwa kushoto. Nikabadilisha fimbo. Nikalipia masomo. Usiku nikawa nakodolea video za Wamarekani wenye meno meupe wakinifundisha kiwiko. Siku moja kwenye uwanja wa mazoezi mzee akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Unapiga wapi, mkubwa?"

"Kule."

"Kule wapi?"

Nikaonyesha bendera kwa kidevu. Akaniambia nisimame kama ninayepiga, nisisogee. Akachukua fimbo namba 7, akailaza chini ikigusa vidole vya viatu vyangu vyote viwili. "Sasa toka, njoo nyuma huku uangalie." Fimbo ilikuwa imeelekea tangi la maji. Bendera ilikuwa mbali upande wa kushoto, inapepea tu. Miezi sita nilikuwa nalipiga tangi la maji! Na mikono, maskini, ilikuwa inajua kwamba nimekosea, ndiyo maana mara nyingine iliuvuta mpira kushoto kujaribu kuniokoa. Nami nikawa nalipa watu waitibu mikono.

Sisi hupanga miguu kwanza, tena tunailenga bendera yenyewe. Lakini mpira hauko miguuni, uko mbele yako. Fikiria reli: mpira uko kwenye chuma kimoja, miguu kwenye kingine, na vyuma vya reli havikutani. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, miguu ikiwa sawa itaelekea kushoto kidogo ya bendera. Ukiwa umezoea kukosea, hapo utajihisi umepinda. Anza na uso wa fimbo, kwa sababu ndio hasa unaoamua mpira utaanzia kuelekea wapi, ndipo miguu ifuate. Jack Nicklaus, yule bingwa wa gofu wa Marekani, alikuwa akisimama nyuma ya mpira, anachagua alama ndogo hatua chache mbele yake kwenye mstari huo huo, kisha analenga alama hiyo. Jani kavu linatosha. Ni bure.

Ukidhani nakuza mambo, piga hesabu. Ukikosea nyuzi 5 tu, kwa umbali wa mita 150 umepotea mita 13. Hapo umeshaingia kwenye mchanga, au kwenye ua wa jirani. Na Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Mombasa. Hata kupotea, tunapotea mbali zaidi.

Haya, nakubali, swingi mbovu, yaani namna mbovu ya kuzungusha fimbo, ipo. Yangu ni mojawapo. Mwalimu mzuri anastahili pesa yake.

Lakini "kule" si mahali. Ukimtuma mtoto dukani umwambie alete "kitu", atarudi na nini? Chagua tawi moja la mti ule, lile lililokauka. Chagua ukingo wa kushoto wa shimo la mchanga. Ukishachagua, litazame mara ya mwisho, piga. Wengi wetu tukishasimama juu ya mpira ndipo tunaita mkutano: bega la kushoto, kiwiko, karo ya muhula wa pili, foleni ya Thika Road, nani ataona nikikosea. Sekunde ishirini baadaye misuli imekauka na lile tawi limesahaulika zamani. Mimi siku hizi nikijikuta nawaza maji yaliyo kulia, narudi nyuma, naanza upya. Wenzangu wanaguna. Waache wagune.

Turudi shimo la nne. Mzee aliupata mpira chini ya mkaratusi, umelala vizuri tu, na kulikuwa na mwanya mpana wa kuutolea. Akasogea kando, kama sheria inavyotaka. Jamaa akajipanga, akatikisa fimbo mara nne, akakohoa.

"Unapiga wapi, mkubwa?" mzee akauliza kwa upole.

"Si kule!"