Picha za Maduka ya Zamani Kusini: Nani Azitunze?

Ukitaka kuiona Newala, huku kusini mwa Tanzania, ya mwaka 1906, picha zipo. Mjerumani Karl Weule alitua Lindi mwaka huo, akapanda hadi Masasi na uwanda wa Makonde akiwa na kamera, na mzigo akaupeleka Leipzig. Wachimbaji wa mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, huko Lindi, 1909 hadi 1913, nao waliacha picha zao Berlin. Lakini ukitaka kuona duka la rejareja la Mikindani au Nachingwea la miaka ya hamsini, huna makumbusho ya kukimbilia. Unabisha hodi kwa watu.

Picha hizo zilipigwa na mafundi wa studio na wapiga picha wa kupita, zikabaki kwenye masanduku ya bati na albamu za familia. Siku hizi wapo wanaozitafuta nyumba kwa nyumba, wengine kwa mapenzi, wengine kwa biashara. Ndipo maneno yanapoanza: wanaokoa au wanakomba?

Anayewatetea ana hoja nzito, na hoja hiyo ni unyevu wa pwani yetu. Picha iliyotundikwa ukutani miaka mingi hugandana na kioo cha fremu. Ukiivuta kwa nguvu, karatasi inatoka na uso wa babu unabaki kwenye kioo. Zilizo sandukuni zinasubiri mchwa. Na mzee akifariki, warithi wanagawana mashamba ya mikorosho, si makaratasi. Sanduku linaishia jalalani.

Kinachopotea hapo si kidogo. Reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa muda si mrefu baada ya Uhuru. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa kupisha ya ushirika. Nyaraka za serikali zitakupa amri na tarehe. Picha itakupa mizani juu ya kaunta, madebe ya mafuta ya taa, kanga zilizoning'inizwa mlangoni, fundi na cherehani yake barazani, na kijana aliyesimama pembeni ya Mhindi mwenye duka. Familia nyingi za Kihindi zilihamia Uingereza na Kanada, na albamu zao zikasafiri nazo. Kwa hiyo zilizobaki huku zina uzito wa pekee.

Upande wa pili nao hauongei upuuzi. Mkusanyaji akichomoa picha moja kwenye albamu, anaondoka na karatasi na kuacha habari. Yule kijana wa pembeni, ambaye bibi mwenye nyumba angekutajia jina lake, ukoo wake na shamba alilonunua baadaye, anageuka kuwa "muuza duka, Lindi". Kosa hili ni la zamani: wapagazi wangapi wa picha za wakoloni wana majina? Halafu kuna za unyago. Mwali aliyepigwa picha siku ya kutoka ndani hakupigwa ili atazamwe na kila mwenye bando, na bibi mwenye ndonya, kile kipambo cha mdomoni, si kiingilio cha maonyesho ya mtu.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja waziwazi milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango wa duka la Mikindani una ulinzi. Picha ya mwenye duka akiwa ameuegemea mlango huohuo haikutajwa.

Mimi naona mkusanyaji ana haki ya kukusanya, ila hana haki ya kuondoka na picha halisi kwa bei ya soda. Aipige upya hapohapo, mbele na nyuma, maana nyuma ndipo penye muhuri wa studio na mwandiko. Arekodi maelezo ya wenyewe, aulize ipi isitoke nje. Nakala ya simu, nakubali, haitoshi kila mara: kusoma bei kwenye kibao kunahitaji skana nzuri na picha yenyewe. Hapo aazime kwa maandishi, mbele ya watoto wa nyumba, si kwa bibi peke yake. Na kama familia imeamua kuuza, iuze albamu nzima pamoja na majina yake. Kuuza ni haki yao. Albamu iliyokatwakatwa ndiyo inayoniudhi.