Mizuka ya jua ndani ya lenzi

Mpiga picha mwenzangu wa Himbi, hapa Goma, alinitania juzi kwamba lenzi hupimwa juani, siyo kwenye kompyuta. Alikuwa ameudhika: picha za harusi kando ya Ziwa Kivu, jua likishuka upande wa Sake, zimejaa ukungu mweupe na duara za kijani kwenye gauni la bibi harusi. Kama wahandisi wanaiga njia za mwanga kwenye kompyuta kabla hata ya kukata kioo, duara hizo zimetoka wapi?

Tuhesabu. Lenzi ya vioo 10 vilivyoachana ina nyuso 20. Mzuka, yaani doa la mwanga kama duara hizo, huzaliwa mwanga unapodunda mara mbili: uso mmoja unaurudisha nyuma, mwingine unaurejesha mbele hadi kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa picha. Jozi za nyuso 20 ni 190. Kioo kitupu huakisi kama 4% kila uso. Tabaka zuri la kuzuia uakisi huishusha hadi 0.5%. Nusu asilimia ya nusu asilimia ni sehemu moja kati ya 40,000. Kidogo? Jua linang'aa mara laki kadhaa kuliko mawe meusi ya lava tunayoyakanyaga hapa Goma. Mizuka mingi husambaa isionekane, ila mmoja ukijikusanya karibu na sensa, picha imeharibika. Ni upi kati ya 190? Ukiishika lenzi juani utaliona doa, lakini nyuso mbili zilizolizaa hutazijua kirahisi, na vioo vimeshasuguliwa. Kompyuta humwonyesha mbunifu jozi yenyewe, naye anabadilisha mbinuko kidogo tu, bado ni mchoro.

Mwenzangu naye hakusema upuuzi. Kompyuta hujua ilichoambiwa. Ukikosea jinsi rangi nyeusi ya kuta za ndani inavyotawanya mwanga, majibu yatakuwa ya lenzi nyingine kabisa. Vumbi letu na alama za vidole hazimo kwenye hesabu, kwa hiyo kuipima lenzi juani hakukwepeki.

Lakini yeye amefunga mbele ya lenzi filta, kioo cha ziada, ya bei rahisi ya soko la Birere, isiyo na tabaka lolote. Nyuso 22 sasa, njia 231: ameongeza 41 ambazo mbunifu hakuziona, tena kupitia kioo bapa kinachorudisha 4% kila upande. Usiku, filta hiyo ndiyo inayogeuza taa za pikipiki juu chini angani. Nilimwomba aifungue apige tena, saa ileile, pembe ileile. Picha hiyo bado naisubiri.